Moot ya maskauti: mkutano wa dunia ambao vijana wa Kivu wanautazama kutoka mbali

Maskauti wengi wa Goma, Bukavu, Uvira ao Beni wanajua neno Jambore tangu siku wanapovaa fulari ya kwanza. Wachache wanajua neno Moot. Lakini kwa kijana aliyemaliza sekondari, anayesoma chuo kikuu ao anayetafuta kazi, Jambore imekwisha kumpita, maana ni ya watoto wa miaka 14 mpaka 17. Mkutano wake yeye ni Moot ya Dunia, unaopokea wenye miaka 18 mpaka 25.

Moot ya mwisho, ambayo ni ya 16, ilifanyika Ureno tangu tarehe 25 mwezi wa saba mpaka tarehe 3 mwezi wa nane 2025. Maelfu ya vijana wa mabara yote walikutana huko, na kampi kubwa ikawekwa Cortegaça, katika wilaya ya Ovar, karibu na Bahari ya Atlantiki. Miezi michache mbele ya hapo, Goma ilikuwa imeingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa. Mabenki ya mji yalikuwa yamefunga milango. Kwa kijana wa Kivu aliyekuwa na umri unaotakiwa, na hata na jina kwenye orodha, swali la kwanza lilikuwa namna ya kutoka mjini, kabla hajaanza kufikiria hema na mfuko wa kulalia.

Je, mkutano huo ni kitu gani, unamsaidia nini kijana, na ni mlima gani anaopaswa kuupanda mtu wa mashariki ya Kongo kabla ya kuufikia?

Kazi ya wakubwa

Uskauti ulianza mwaka 1907 kwenye kisiwa kidogo cha Brownsea, Uingereza, pale Robert Baden-Powell alipochukua wavulana 20 kwa kampi ya siku chache. Baada ya miaka kumi hivi, wale wa kwanza walikuwa wamekuwa watu wazima, na wengi wao walikuwa wamepita katika vita kuu ya kwanza. Kampi za watoto hazikuwafaa tena. Ndipo mwaka 1918 kukaanzishwa tawi la wakubwa, ambao kwa Kiingereza wanaitwa marova. Mwaka 1922 Baden-Powell akawaandikia kitabu chao, « Rovering to Success ».

Huku kwetu, kwa sababu ya Wabelgiji na Kifaransa, tunawaita marutie. Neno lenyewe linatoka kwa barabara: rutie ni mtu aliye njiani. Shabaha yao ni neno moja tu, « Kutumikia ». Katika desturi ya maskauti wa lugha ya Kifaransa, rutie anayemaliza njia yake anapewa fimbo yenye panda juu. Panda ile inamkumbusha kwamba mbele yake kuna njia mbili, na kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kiongozi wa kumchagulia.

Neno Moot nalo ni la zamani katika Kiingereza. Lilikuwa jina la kikao ambapo watu wa mahali wanakutana ili kuzungumza mambo yao na kukata shauri. Mkaaji wa Kivu hahitaji kueleweshwa sana: ni kama baraza, ama barza kama tunavyosema sisi. Tofauti ni kwamba hii inakutanisha dunia nzima, na wazee hawaalikwi kuzungumza wa kwanza.

Moot ya kwanza ilifanyika mwaka 1931 Kandersteg, kijiji cha milimani Uswisi, ambako maskauti walikuwa wamepata tangu 1923 nyumba kubwa ya mbao iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi waliochimba tuneli ya reli. Nyumba hiyo ipo mpaka leo, na inapokea maskauti wa kila inchi mwaka mzima. Ya pili ilikuwa Sweden mwaka 1935. Ya tatu ilikuwa Uskoti katika mwezi wa saba 1939, wiki chache tu kabla ya vita kuu ya pili. Vijana waliokaa huko pamoja kwa moto mmoja wa kampi walijikuta baadaye katika majeshi yaliyopigana. Hakukuwa tena Moot kwa miaka kumi, mpaka Norwei mwaka 1949.

Baada ya Australia mwaka 1961, Moot zilisimama tena karibu miaka 30. Zilipoanza upya, pia Australia, zikaendelea: Uswisi mwaka 1992, Sweden mwaka 1996, Meksiko mwaka 2000, Taiwan mwaka 2004, Kenya mwaka 2010, Kanada mwaka 2013, Aislandi mwaka 2017, kisha Ureno. Zote zimefanyika Ulaya, Amerika, Asia ao Australia, isipokuwa moja. Tutairudilia.

Si kampi ya kuimba tu

Anayefikiri kwamba vijana wanasafiri mbali ili kuimba na kupiga picha tu, anakosea kidogo. Kuimba kupo, picha nazo zipo kwa wingi. Lakini Moot imepangwa kwa namna inayomlazimisha kijana kutoka katika kundi la watu wa kwao.

Mfano mzuri ni Aislandi mwaka 2017. Wageni walikusanyika kwanza Reykjavik, mji mkuu. Kisha hawakupelekwa wote mahali pamoja. Waligawanywa katika vikundi vidogo vyenye vijana wa mataifa mbalimbali, na kila kikundi kikatumwa kwenye kituo kimojawapo kati ya vituo vilivyotawanyika katika inchi: wengine Akureyri kaskazini, wengine kwenye visiwa vya Vestmannaeyjar, wengine Skaftafell chini ya barafu. Huko walitembea milimani, wakapika pamoja na kufanya kazi za kujitolea kwa faida ya wakaaji. Baadaye tu ndipo wote walikutana katika kampi kubwa ya Úlfljótsvatn, kando ya ziwa.

Ukiwa katika kikundi kama hicho, huwezi kujificha nyuma ya wenzako wa kwenu. Mmoja anatoka Brazili, mwingine Denmark, mwingine Hong Kong, na wewe Kongo. Mvua inanyesha, jiko halitaki kuwaka, na sharti mle. Hapo kila mmoja anaonyesha anachojua. Kijana wa Kivu aliyezoea kupika kwa makala, kubeba maji kutoka mbali na kufunga hema kwa kamba za kuokota, mara nyingi hana la kuona haya mbele ya wale wenye vifaa vya bei kali.

Kuna pia upande wa maarifa. Wakati wa kampi kubwa, vijana wanaingia katika vikao vya mazungumzo juu ya mazingira, amani, imani za watu, afya na kazi. Wenye dini wanapewa nafasi ya kusali. Na wale waliozidi miaka 25 hawafukuziwi: wanaweza kuja kama watumishi wa kujitolea, ndio wanaopika, kulinda, kutibu, kutafsiri na kuongoza magari. Bila wao Moot haiwezi kusimama.

Lugha rasmi za shirika la dunia la uskauti ni Kiingereza na Kifaransa. Kwa Mkongomani hiyo ni habari njema kwa nusu. Maelezo mengi ya ofisi atayasoma kwa Kifaransa bila shida. Lakini ndani ya hema, vijana wa Asia na wa Ulaya ya kaskazini wanaongea Kiingereza, na asiyekijua kabisa anabaki kusikiliza. Kijana anayefikiria kwenda afazali aanze kujifunza Kiingereza mapema, na sharti hilo halimgharimu viza.

Siku Moot ilipofika jirani

Mwaka 2010 Moot ya 13 ilifanyika Nairobi, katika kampi ya Rowallan. Ilikuwa mara ya kwanza Moot ya Dunia kukanyaga Afrika, na mpaka sasa ni mara moja tu.

Rowallan si mahali pa mbali kwa mtu wa Kivu. Kutoka Goma unaweza kwenda kwa barabara: Rutshuru, Bunagana, Kisoro, Kampala, kisha mpaka wa Kenya na Nairobi. Ni safari ya kuchosha, lakini bei ya basi haifanani na bei ya ndege ya Ulaya, na njiani mtu anaomba maji kwa Kiswahili na kueleweka. Wafanyabiashara wa Goma na Butembo wanaijua barabara hiyo kama wanavyojua mtaa wao.

Kenya ina nafasi yake ya pekee katika historia ya uskauti. Baden-Powell alikaa huko miaka yake ya mwisho, Nyeri, chini ya mlima Kenya, katika nyumba ndogo aliyoiita Paxtu. Alikufa tarehe 8 mwezi wa kwanza 1941 na akazikwa hapo. Juu ya kaburi lake kuna alama ambayo kila skauti anaifahamu: duara yenye nukta katikati. Ni ile alama ya njiani inayosema « nimerudi nyumbani ». Maskauti wa dunia nzima wanasafiri kwenda kuiona. Rowallan yenyewe ndiyo pia makao ya ofisi ya Afrika ya shirika la dunia la uskauti.

Mambo yamebadilika sana tangu 2010. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na safari ya Mkongomani kwenda Kenya imekuwa nyepesi zaidi upande wa makaratasi. Lakini mwaka huohuo, katika mwezi wa sita, Bunagana ilianguka mikononi mwa M23. Karatasi zimerahisishwa, barabara ikafungwa na vita.

Hilo linaonyesha kwa nini mahali Moot inapowekwa ni jambo la maana. Ikifanyika Nairobi, Kampala ao Kigali katika wakati wa amani, kijana wa Kivu anahitaji karatasi yake na feza za basi. Ikifanyika Ulaya, anahitaji Kinshasa kwanza.

Njia inayopitia Kinshasa

Inchi nyingi za Ulaya ambako Moot imefanyika ziko katika eneo la Schengen: Uswisi, Sweden, Norwei, Aislandi, Ureno. Anayeomba viza ya Schengen mara ya kwanza sharti ajitokeze mwenyewe ili kutoa alama za vidole, na mambo hayo yanafanyika Kinshasa. Kwa mkaaji wa Goma ao Bukavu, hapo kuna bileti ya ndege ya ndani, pahali pa kulala, chakula, na mara nyingi kurudi tena kuchukua jibu. Kabla hata ya kujua kama atakwenda, amekwisha kutumia feza ambazo zingelipa mwaka wa masomo.

Katika mwaka 2025 hali ilikuwa mbaya zaidi. Ndege hazikutua tena Goma, na mtu wa Goma aliyetaka kufika mji mkuu wa inchi yake alilazimika kuzunguka, mara nyingi kwa kupitia inchi nyingine.

Masharti ya viza yenyewe yanajulikana. Pasipoti sharti iwe imetolewa katika miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki na nguvu angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya. Sharti pia kuwe bima ya safari inayolipa matibabu mpaka euro 30,000. Ombi linaweza kuwekwa miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Kwa kawaida jibu linatoka katika siku 15, lakini linaweza kufika siku 45. Tangu mwezi wa sita 2024, mtu mzima analipa euro 90, na feza hizo hazirudi hata jibu likiwa hapana.

Lakini kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Sheria ya viza ya Ulaya inasema kwamba wajumbe wa mashirika yasiyotafuta faida, wenye miaka 25 ao chini, wanaokwenda katika mikutano, michezo, shuguli za utamaduni ao za elimu zinazotayarishwa na mashirika yasiyotafuta faida, hawapaswi kulipa feza hizo za viza. Moot imeandikwa kama kwa maneno hayo: ni mkutano wa vijana, umri wao ni 18 mpaka 25, na unatayarishwa na vyama vya skauti. Kinachotakiwa ni barua safi kutoka kwa chama cha kitaifa na mwaliko kutoka kwa wenye kupokea. Kituo kinachopokea maombi kinaweza kuomba malipo ya kazi yake, lakini hayo ni kitu kingine.

Upande wa malipo ya kampi pia kuna nafuu. Vyama vya skauti vya dunia vimepangwa katika makundi manne kulingana na uwezo wa inchi, na vijana wa inchi maskini wanalipa kidogo kuliko wale wa inchi tajiri. Kongo iko katika kundi la chini. Mara nyingine kunakuwa pia mfuko wa mshikamano, ambapo maskauti wa inchi tajiri wanaongeza kidogo juu ya bei yao ili wengine nao wafike. Hata hivyo bileti ya ndege haina kundi la maskini. Hiyo ndiyo inayokata safari nyingi.

Shaka ya kutorudi

Viza inapokataliwa, ubalozi unajaza karatasi yenye sababu zilizokwisha kuandikwa na kutia alama kwenye ile inayohusika. Mojawapo inasema kwamba kuna mashaka juu ya nia ya mwombaji ya kutoka katika eneo la Schengen kabla viza yake haijaisha. Kijana wa miaka 20, asiye na kazi, asiye na mke wala mume, anayetoka katika mji wenye vita, ndiye mtu ambaye karatasi ile inamfikiria.

Ukweli ni kwamba shaka hiyo haitoki hewani. Katika michezo, muziki na mikutano ya dini, kuna Waafrika waliokwenda na hawakurudi na wengine. Mmoja akipotea njiani, chama kizima kinalipa: mwaka unaofuata ubalozi unaangalia kila jina mara mbili, na vijana wasio na kosa wanakataliwa. Kwa hiyo viongozi wengi wa ujumbe wanatafuta kwanza mtu wanayemjua, ambaye wazazi wake wanamjua, na ambaye ana jambo la kurudilia: masomo, kazi, kundi analoliongoza.

Hapo ndipo swali la haki linaingia. Nani anachagua? Kama nafasi ni tano kwa inchi nzima na matangazo yanabaki Kinshasa, rutie wa Uvira hatasikia habari mpaka wenzake wamekwisha kurudi. Kama sharti la kwanza ni kuwa na uwezo wa kujilipia bileti, wataenda watoto wa wenye mali, hata kama wamevaa fulari juzi. Na kama nafasi inauzwa kwa mtu asiye skauti, huyo ndiye mara nyingi hatarudi.

Dawa yake inajulikana katika kila chama: kutangaza nafasi wazi katika majimbo yote, kuandika masharti ya uchaguzi, kuangalia umri, ahadi na kazi ambayo mtu amefanya katika kundi lake, na kuchapisha orodha ili kila mtu aisome. Haihitaji msaada wa nje. Inahitaji nia.

Kwa wasichana kuna kizuizi kingine, cha nyumbani. Katika Moot wavulana na wasichana wanashiriki pamoja. Mzazi wa Kivu anayeruhusu mwanawe wa kiume kwenda mbali siku kumi anaweza kumnyima dada yake. Wazazi hao wana sababu ya kuogopa, wameona mengi. Kiongozi anayetaka msichana asafiri sharti aende kuketi nyumbani kwao mapema, pamoja na mwanamke kiongozi atakayekuwa katika ujumbe, na kueleza kila kitu mpaka namba ya simu ya usiku.

Ambacho Kivu ingepeleka

Uskauti uliingia Kongo mwaka 1924. Shirikisho la kitaifa, FESCO, lilipokelewa katika shirika la dunia mwaka 1963, na linakusanya vyama vya imani mbalimbali. Huku mashariki, skauti anaishi karibu na ndugu zake wa vyama vingine: Kiro, na Xaveri, iliyozaliwa Bukavu mwaka 1952 kwa mkono wa padri Georges Defour. Katika parokia nyingi, familia moja inaweza kuwa na fulari za rangi tatu kwenye kamba moja ya kuanikia.

Vijana hao wamepitia mambo ambayo wenzao wa Moot wanayasoma katika kitabu. Volkeno Nyiragongo ililipuka mwezi wa kwanza 2002 na tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021, na kila mara ni vijana wa mitaa walioonekana wakibeba wazee na kutafuta watoto waliopotea njiani kuelekea Sake ao mpaka wa Rwanda. Ugonjwa wa Ebola uliopiga Kivu ya Kaskazini na Ituri tangu 2018 mpaka 2020 uliua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470. Ulizimwa kwa chanjo na madaktari, lakini pia kwa watu waliokubali kwenda mlango kwa mlango, kwa lugha ya mama, mahali ambapo gari la wageni lilipigwa mawe.

Kuna pia kazi ya amani yenyewe. Katika miaka ya 2000, maskauti wa Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo walifanya mradi uliobeba jina la maneno mawili yenye maana moja: Amahoro Amani. Lengo lilikuwa kuwafundisha vijana wa inchi tatu kutambua chuki za kikabila zinapoanza, kuzizungumza bila kuogopana, na kusuluhisha ugomvi kabla haujafika kwenye panga. Vijana waliofunzwa walirudi katika makundi yao na kufunza wengine. Leo, wakati mpaka wa Goma na Gisenyi umejaa tena maneno makali, kazi ile inaonekana kama ya zamani sana. Lakini watu walioifanya wako hai, wengi wao ni wazazi, na mbinu zake hazijaoza.

Hicho ndicho kitu ambacho meza ya mazungumzo ya Moot inakosa pale Kivu isipofika. Vijana wa dunia wanazungumza juu ya amani, na wale wanaoitafuta kila asubuhi hawapo. Hasara si ya Kivu peke yake.

Kizazi kilichopitwa na wakati

Moot iliyofuata ile ya Aislandi ilipaswa kufanyika Ayalandi mwaka 2021. Kwa sababu ya Covid-19 iliahirishwa mpaka 2022, kisha ikafutwa kabisa. Kwa hiyo kati ya Aislandi na Ureno kulipita miaka minane.

Hesabu ni ya kuumiza. Kijana aliyekuwa na miaka 18 mwaka 2017 na akajiambia « nitakwenda inayofuata » alikuwa na 26 mwaka 2025. Mlango wa washiriki ulikuwa umefungwa kwake. Alibaki na ule wa watumishi wa kujitolea. Kwa kijana wa Ulaya, huo ni mkutano mmoja aliokosa kati ya mingi. Kwa yule wa Kivu, ambaye masomo yake yamekatwa mara mbili na kukimbia vita, miaka ya kati ya 18 na 25 inapita haraka, na mara nyingi anakuwa baba ao mama kabla haijaisha.

Kwa anayetaka kujaribu

Kwa kawaida Moot hufanyika kila baada ya miaka minne. Hesabu hiyo ikifuatwa, inayokuja ni ya 2029. Aliyekuwa na miaka 14 wakati wa Ureno atakuwa na 18. Aliyekuwa na 21 atakuwa na 25. Hao ndio wanaopaswa kuanza sasa.

La kwanza: hakuna anayejiandikisha peke yake. Kila mshiriki anapitia kwa chama cha kitaifa, ndani ya ujumbe wenye kiongozi wake. Mtu anayekuuzia mwaliko wa Moot ao wa Jambore kwa WhatsApp, akikuomba dola kwanza, ni mwizi. Uliza kundi lako, kundi liulize jimbo, jimbo liulize FESCO.

La pili: pasipoti isingoje viza. Katika inchi yetu karatasi hiyo inaweza kuchelewa miezi, na aliyeianza mwezi wa sita kwa mkutano wa mwezi wa saba amekwisha kushindwa.

La tatu: kundi lianze kuweka akiba pamoja, kama likelemba. Watu 20 wakiweka dola 2 kwa mwezi, baada ya miaka mitatu wana dola 1,440. Haitoshi kwa wote, lakini inaweza kumsogeza mmoja aliyechaguliwa kwa haki, kwa ahadi kwamba atarudi na kufunza wengine aliyoyaona.

La nne: anayekosa safari asikose dunia. Kila mwezi wa kumi, mamilioni ya maskauti wanakutana kwa redio na kwa intaneti katika mkutano unaoitwa JOTA-JOTI. Hauombi viza. Simu moja yenye intaneti inatosha kwa kundi zima kuketi na kuongea na vijana wa Ureno, wa Kenya ao wa Indonesia, na ni hapo wengi wanapopata rafiki wa kwanza wa kigeni na Kiingereza chao cha kwanza.

Na la mwisho ni la wakubwa wa uskauti wa Afrika. Tangu Nairobi mwaka 2010, Moot haijarudi barani. Rowallan ipo, barabara ya Kampala ipo, na Jumuiya ya Afrika Mashariki imeondoa viza nyingi kati ya watu wake. Inchi ya eneo hili ikijitokeza tena kuomba kupokea mkutano huo, itafupisha safari ya vijana wa Kivu kuliko mfuko wowote wa msaada.